Rimu za Honda Fit kwenye IST, nati zinalegea zenyewe. Msaada wakuu

Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST, ile ya toleo la kwanza. Ilikuwa na rimu za chuma inchi 15, tairi 185/65. Wiki mbili zilizopita nikapata rimu za spoti za mtumba, inchi 16, zilizotoka kwenye Honda Fit, na tairi zake 185/55 bado zina meno. Muuzaji akasema, "Matundu manne kwa manne, zinaingia hizo." Na kweli ziliingia. Fundi akafunga kwa nati zangu zilezile, akapanda juu ya spana kwa miguu miwili, nikalipa nikaondoka natamba.

Juzi naelekea Morogoro, ikifika 80 usukani unatetemeka kama nimeshika mashine ya kusaga. Kabla ya Chalinze nikasikia ko-ko-ko mbele upande wa abiria. Kushuka, nashika nati kwa vidole, mbili zinazunguka! Nikakaza, nikarudi Dar mdogomdogo na hazadi zinawaka. Ni balansi au fundi alizembea? Shemeji yenu kasema hapandi tena.

Chuma Chakavu
Balansi hiyo mkuu. Kabalansi uendelee kula bata.

Spana21
Balansi mbovu itatetemesha gari, lakini si ya kulegeza nati kiasi hicho ndani ya wiki mbili. Mleta mada, mulika yale matundu ya nati kwenye rimu za Fit. Yamechongwa kama faneli au kama bakuli?

Mleta mada
Nimemulika na tochi ya simu. Yana mviringo, kama kikombe cha kahawa.

Spana21
Basi umepata jibu. Honda wanatumia nati yenye kichwa cha mviringo, kama nusu ya gololi. Nati zako za rimu za chuma zina ncha ya koni. Uzi ni uleule, 12 kwa 1.5 (unene milimita 12, hatua ya uzi 1.5), na boliti za gari zote mbili zimepangwa 4 kwa 100, yaani nne kwenye duara la milimita 100, ndiyo maana zikaingia bila ubishi. Ila koni ndani ya bakuli inagusa kwa kamstari kembamba tu. Aluminiamu ni laini, kale kamstari kanalika, nati inabaki haina inachokikaba.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Paka wino wa kalamu ya maka kwenye ncha ya nati (uzi usiuguse), kaza, fungua, utazame wino umefutika wapi. Nati sahihi inafutika eneo pana kuzunguka ncha yote. Yako utaona kamstari kembamba tu.

Mama Vitz
Na katikati je? Tundu la kati la rimu za Honda ni milimita 56.1, habu ya Toyota hiyo (kile kitovu rimu inapokaa) ni 54.1. Inapwaya milimita 1 kila upande. Tafuta zile pete za kujazia, za plastiki au aluminiamu.

Chuma Chakavu
Mimi nimetembea miaka bila hizo pete dada yangu.

Spana21
Inawezekana, kwa sababu nati sahihi ndizo zinazoivuta rimu ikae katikati. Ila mwenye nati za koni kwenye bakuli hana kitu cha kuivuta, kwa hiyo usukani lazima ucheze. Mleta mada, weka nati za mviringo, na pete uweke pia, ni kitu kidogo.

Kabla ya kufunga, sugua habu kwa brashi ya waya, kutu yote itoke. Gari ikiwa juu ya jeki, zungusha nati kwa mkono kwanza: zisiwe chini ya mizunguko 7. Kaza kwa msalaba, yaani nati moja kisha ile inayoikabili. Shusha, malizia kwa spana ya kipimo, 103 Nm. Huyo fundi wa kupanda spana anavuta boliti mpaka inachoka, siku moja inakatika. Na usipake grisi kwenye uzi, utakaza kupita kiasi bila kujua. Ukitembea kama kilomita 100, pima tena.

Mama Vitz
Usisahau kukata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, na kupakia watu wanne nyuma na mbele, usikilize kama tairi inasugua popote. Ikisugua, usikubali kuwekewa spesa za mtaani, yale mabamba ya kusogeza rimu nje.

Mleta mada
Kimo cha tairi hakina shida?

Spana21
185/65 ya 15 ni kama milimita 621, 185/55 ya 16 ni 610. Tofauti haifiki asilimia 2. Dashibodi itasoma zaidi kidogo tu. Ila kagua yale matundu ya rimu iliyolegea. Tundu likiwa limepanuka kama yai, rimu hiyo si ya kufunga tena.

Mleta mada
Mrejesho. Wino ulifutika kamstari kama ulivyosema. Matundu mawili ya ile rimu yamekuwa yai, na vumbi la fedha limejaa ndani. Imenibidi kutafuta rimu nyingine moja. Nimenunua nati 16 za mviringo na pete. Jana nimefika Kibaha na kurudi, 100 usukani umetulia, nati zimegoma kusogea.

Spana21
Safi. Sasa spea yako ni rimu ipi?

Mleta mada
Ya chuma... Aisee. Nati za mviringo hazitakaa kwenye ile.

Spana21
Ndiyo hapo.

Mleta mada
Nimeziokota zile nne za koni kwenye ndoo ya gereji. Nimezitia kwenye soksi, ziko buti pembeni ya spea.