Mnaotengeneza mifumo huku Mwanza, acheni kuchezea ng' kwenye majina ya watu!

Wakuu, hili jambo limezidi.

Kanda ya Ziwa imejaa majina yenye ng'. Halafu mtu anatengeneza mfumo wa kusajili watu wa Mwanza na hiyo alama ya ' hajaiwaza hata siku moja. Mwananchi anasimama dirishani na kitambulisho mkononi, anaambiwa jina halipo. Lipo! Programu yenu ndiyo haijui kulinganisha herufi, na lawama anatupiwa karani.

Kompyuta haiangalii sura ya herufi, inaangalia namba yake. Alama ile ukiibonyeza kwenye kibodi ya kawaida ni 39. Ukiandika kwenye Word inajipinda yenyewe na kuwa 8217. Ipo nyingine ya wanaisimu, 700, na wapo wanaobonyeza ile iliyo jirani na namba moja, 96. Kwa jicho ni jina lilelile, kwa == (alama ya kwenye programu ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa) ni majina manne. Orodha ikinakiliwa toka Word na karani akatafuta kwa kuchapa, hapati kitu hata achape mara mia.

Chukueni Nyang'hwale, orodha ikipangwa kwa namba hizo. Yenye 39 inakaa juu ya Nyanguge, kwa kuwa u ni 117. Yenye 8217 inakaa chini ya Nyanguge. Wilaya moja, orodha moja, mistari miwili, na jumla ya ripoti imegawanyika bila mtu kujua.

Wanaoniudhi kuliko wote ni wanaoifuta kabisa. Wanaifuta kwa sababu amri za SQL, lugha ya kuulizia databesi, wanaziunga kwa kubandika vipande vya maandishi, na 39 inafunga nukuu katikati ya jina, amri inavunjika. Dawa ni kuweka alama ya ? ndani ya amri na jina kulipeleka kando. Wao wanakata jina la mtu! Na mwanya huohuo ndio mhalifu anaupitia kuingiza amri zake. Tena ng'oa na ngoa ni maneno mawili tofauti, muulizeni Mswahili yeyote.

Mengine ni uzembe wa kila siku. A hadi Z ni 65 hadi 90, a hadi z ni 97 hadi 122, kwa hiyo "buhongwa" iliyoandikwa kwa herufi ndogo inaangukia chini ya "Ukerewe". Kizimba 10 cha samaki kinatangulia Kizimba 2, maana inalinganishwa 1 na 2 kwanza. Kwenye lugha ya programu ya Java mnalinganisha maandishi kwa ==, ambayo inauliza kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu. Ukijaribu kwa maneno yaliyoandikwa ndani ya programu yenyewe inakubali, kwa kuwa Java huyatunza kwa nakala moja. Yakitoka kwenye databesi inakataa. Tumieni equals.

Jina lihifadhini kama mwenyewe alivyoliandika. Pembeni wekeni safu ya kulinganishia: ondoeni nafasi za mwanzo na mwisho, badilisheni 96, 8216, 8217 na 700 zote ziwe 39, kisha herufi zote ziwe ndogo; Python ina casefold. Msitegemee NFC, ile njia ya Unicode ya kusawazisha herufi, peke yake. Inaunganisha é ya namba mbili, 101 na 769, kuwa 233, lakini 8217 inaiacha ilivyo. Anayetafuta naye, alichochapa kipite njia hiyohiyo kabla ya kulinganishwa, la sivyo kazi yote ni bure. Kupanga, JavaScript ina Intl.Collator: mpe 'sw' (yaani Kiswahili) na numeric iwe true, vizimba vitakaa sawa.

Data za zamani zisafisheni kwanza ndipo muweke UNIQUE, sharti la kukataa marudio, kwenye safu hiyo, vinginevyo itagoma kwa marudio yaliyokwisha kuingia. Na iwe kwenye jedwali la wilaya tu. Kwenye jedwali la watu msithubutu, wapo wawili wenye jina moja na wote wana haki ya kuhudumiwa.