MREJESHO: Wakili amefariki, hati ya shamba imebaki ofisini kwake

Wakuu, habari za masiku. Mimi ndiye niliyeuliza tufanyeje baada ya wakili wetu hapa Mbeya kufariki ghafla: ofisi ina kufuli, hati ya mauziano ya shamba la Uyole iko ndani, na kesi Baraza la Ardhi imebakiza wiki mbili.

Sikusubiri arobaini. Nilienda barazani mwenyewe na barua ya kuomba ahirisho, pamoja na nakala ya kibali cha mazishi niliyopewa na familia. Tukapangiwa tarehe nyingine. Kumbe ningekaa kimya shauri lingeweza kufutwa kwa kutohudhuria! Nikalipia pia kukagua jalada, nikapata nakala za kila kilichowasilishwa. Wakili mpya ameanzia hapo.

Hati ndiyo ilisumbua. Mkuu uliyesema nivunje kufuli, samahani, sikukusikiliza. Nilipita TLS, chama cha mawakili, wakanikutanisha na wakili aliyekuwa akishirikiana na marehemu. Siku ya kufungua walikuwepo mjane, karani na mwenyekiti wa mtaa. Bahasha ya kaki tuliikuta chini ya rundo, jina la baba kwa kalamu nyekundu, kona imeliwa na panya ila sahihi zote zinasomeka. Nikasaini daftari, nikaondoka nayo.

Pesa bado. Marehemu nilimlipa laki nane, risiti ninayo ya laki tano tu. Msimamizi wa mirathi amepokea dai la hizo tano. Tatu nilizompa marehemu mkononi pale Mwanjelwa nimeshasamehe.

Asanteni sana, hasa dada aliyesema nianzie barazani.