Wakuu, ukungu wa Njombe unanimaliza. Ni hali ya hewa au ni mimi?

Mtoto wa Pwani:
Habari zenu wakuu. Kwetu Tanga, nimehamishiwa Njombe kikazi. Mwanzoni nilienjoi, maparachichi bei ya kutupa, watu wastaarabu. Ilipoingia Juni ndipo kasheshe ilipoanza. Asubuhi nikifungua mlango sioni hata geti, na ukungu unakaa mpaka saa nne. Jioni nikitoka kazini najifungia ndani, jiko la mkaa pembeni, mimi na blanketi na simu. Kupika sina hamu. Meseji ya kawaida tu naiona kama nasemwa. Juzi mama kapiga, nikaitazama simu ikiita hadi ikakatika. Malaria nimepima, sina. Ofisini wananicheka, "utazoea". Je, hali ya hewa inaweza kumfanya mtu hivi? Nawaza kuomba uhamisho.

Mbena Asilia:
Kamwene mkuu! Hilo jiko unalala nalo? Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu usingizini. Kama unaamka na kichwa kizito na uchovu, vinaweza kuwa vinatokana nayo. Litoe nje kabla hujalala, leo hii. Mambo ya huzuni yatafuata. Halafu hicho unacholalamikia ni kibaridi tu, ungepangiwa Makete kwenye sakitu, umande unaoganda kuwa barafu, ungeandika wosia.

Dada wa Tromsø:
Pole mdogo wangu. Mimi niko kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nalia nikiosha vyombo. Huku huzuni hii ya msimu ni ugonjwa unaojulikana, daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake waliuelezea mwaka 1984 kule Marekani, na tiba mojawapo ni kukaa mbele ya taa ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa nusu saa asubuhi. Ila wewe usikimbilie kununua taa. Njombe hata Juni mchana una urefu wa saa kumi na moja na nusu hivi, na anga lenye mawingu bado linatoa mwanga wa lux elfu kadhaa. Chumbani kwako na balbu moja hata mia tano hufikishi. Vaa vizuri, tembea asubuhi, ukungu au hakuna ukungu. Siyo mazoezi, ni macho yapate mwanga.

Kijiwe Nongwa:
Dada kaongea vizuri, lakini jamani tusilisingizie wingu kila kitu. Mwaka 1983 wanasaikolojia Schwarz na Clore waliwapigia watu simu Marekani, siku za jua na siku za mvua, wakawauliza wanaridhika vipi na maisha. Wa siku ya mvua walijibu vibaya zaidi. Ila mpigaji akianza kwa kuuliza "huko hali ya hewa ikoje?", tofauti ikapotea! Yaani mtu akikumbushwa kwamba kuna mvua, anaacha kuyalaumu maisha yake.

Dada wa Tromsø:
Malizia basi. Mwaka 2013 wengine waliangalia majibu ya Wamarekani zaidi ya milioni moja, hawakuona athari ya maana ya hali ya hewa ya siku.

Kijiwe Nongwa:
Sawa, hapo umenishika. Lakini hiyo ni hali ya hewa ya siku moja, huyu anazungumzia miezi, tena yuko peke yake. Mkuu, kabla hujaandika barua ya uhamisho, jiulize ungeiandika siku ya jua? Na simu ya mama haikukatwa na ukungu.

Mama Nesi:
Naongeza moja. Hali hiyo ikikushika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vikavurugika, nenda hospitali useme hivyo hivyo ulivyoandika hapa. Ukianza kuona heri ufe, usisubiri hata siku moja, nenda na mtu.

Mtoto wa Pwani:
Asanteni sana. Sijafika huko mama, ila nimekuelewa. Jiko liko kibarazani. Mama nimempigia, kanigombeza robo saa nzima kisha akauliza kama nina sweta. Sina! Mbena, makoti ya mtumba napata wapi?

Mbena Asilia:
Sokoni, ila wahi, mazito hayafiki mchana. La ngozi usichukue, likilowa humu halikauki leo wala kesho. Nicheki inbox nikusindikize, wakikusikia hiyo lafudhi ya Tanga watakupandishia bei.