Pesa ya utafiti Dodoma iende kwenye neva za kiluwiluwi?

Mkazi wa Ipagala: Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, mnirarue. Dodoma tuna chuo kikuu cha umma chenye shule ya tiba, tuna hospitali ya Benjamin Mkapa, tuna Mirembe ya wagonjwa wa akili. Nasema sehemu ya pesa ya utafiti iende kwenye namna ubongo wa kichanga unavyojijenga, hata kama kazi inaanzia kwa kiluwiluwi.

Neva changa haipigi umeme kama neva pevu. Kwenye uti wa mgongo wa kiluwiluwi wa Xenopus, chura wa huku huku Afrika, mpigo wa umeme wa mwanzo ni mrefu na unaingiza kalsiamu nyingi, na kalsiamu hiyo inaielekeza seli namna ya kukomaa. Baadaye jeni za milango ya potasiamu, yaani vitundu vya kupitisha potasiamu kwenye utando wa seli, zinashika kasi, potasiamu inatoka upesi, mpigo unafupika. Mwaka 1994 watafiti Jones na Ribera waliizidisha jeni moja ya milango hiyo mapema: mipigo ikafupika kabla ya wakati, na neva zilizofikia umbo lake zikawa chache.

Muuguzi Chamwino: Kaka, shikamoo kwa elimu. Mama akiniletea kichanga cha siku tatu kina degedege, naangalia sukari, maambukizi, na kama alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Fenobabito, dawa ya degedege, ikiwa imeisha, huyo chura wako namweka wapi?

Mlipa kodi: 😂 Muuguzi kamaliza. Wazungu wameshafanya, sisi tusome tu.

Mkazi wa Ipagala: Dada, orodha yako siipingi, na hao ndio wengi. Ila wapo ambao sukari iko sawa, damu safi, walizaliwa vizuri, na degedege haikomi. Mwaka 1998 iligundulika kwamba baadhi yao wana hitilafu kwenye KCNQ2, jeni ya mlango wa potasiamu. Wengine hupona ndani ya miezi. Wengine hubaki na ulemavu mzito wa akili. Na watoto hawa mara nyingi hutulizwa na kabamazepini, dawa ya zamani, ya bei nafuu, ambayo wagonjwa wa kifafa wanaitumia hapa hapa mjini. Bila aliyehangaika na milango ya potasiamu maabara, nani angejua kwa nini dawa hiyo?

Mlipa kodi, kusoma tu hakutoshi mkuu. Kumbukumbu nyingi za jeni duniani zimetokana na watu wenye asili ya Ulaya. Jeni ya mtoto wa Mpwapwa ikionyesha badiliko geni, atakayesema ni ugonjwa au ni tofauti ya kawaida ni nani?

Muuguzi Chamwino: Hilo la kabamazepini nimelishika. Lakini kaka, kipimo chenyewe cha jeni hatuna, na cha umeme wa ubongo mama anatafutiwa nauli ya kukifuata mjini. Anzeni na mashine hiyo wilayani. Mkitaka damu za vichanga baada ya hapo, nitawakusanyia mimi mwenyewe, wazazi wakiridhia.

Mlipa kodi: Mashine nalipia. Chura bado.