Naomba ushauri: taa ya baiskeli ya kuchaji kwa safari za usiku

Wakuu, habari za jioni. Natoka kazini Kurasini saa mbili usiku, narudi Mbagala kwa baiskeli, kama dakika arobaini. Barabara kubwa si tatizo, shida ni nikishaingia mitaani: giza totoro, mashimo na mchanga.

Nilinunua taa Kariakoo, boksi limeandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) 10,000. Ndani kuna betri moja tu ya 18650 (ile ya lithiamu, kubwa kidogo kuliko ya AA), haiwezi kutoa mwanga wote huo, nikajua nimepigwa. Juzi ilizima ghafla, nikaingia shimoni, rimu ikapinda.

Sasa nina bajeti ya shilingi 60,000, mbele na nyuma. Lumeni 400 za kweli zinatosha kwenye giza kama hilo au nitafute 800? Nichukue yenye betri ya kutoa, niwe na ya akiba, au ya kuchaji kwa USB moja kwa moja? Pia masika inakuja, IPX4 (kiwango cha kuzuia maji) inahimili mvua ya kweli kweli au ni manyunyu tu?

Ya nyuma nataka nyekundu isiyochomoka kirahisi, maana ya kwanza niliibiwa sokoni. Mnaoendesha usiku, mnatumia ipi?