Mrejesho: miche yangu ya michungwa, Pongwe, Tanga

Wadau, salaam. Kabla ya masika niliwauliza kuhusu miche ya kubebesha (mchungwa uliounganishwa juu ya shina la mlimau) niliyoinunua Muheza: majani machanga yalijikunja na kuwa na michirizi ya rangi ya fedha. Mkasema ni kiwavi mdogo anayechimba ndani ya jani, nisikimbilie dawa. Asanteni sana. Ukiliinua jani juani unaiona njia yake yote, imepindapinda, na mstari mweusi wa kinyesi katikati. Majani yakishakomaa hayagusi, na mvua za Aprili zimeleta mengine mabichi, safi.

Ushauri ulionifaa zaidi ni wa kukagua chini ya kiungo, yaani pale mchungwa ulipoungana na shina la mlimau. Mche mmoja ulikuwa umetoa chipukizi la mlimau, lenye miiba, linakua haraka kuliko mchungwa wenyewe. Nimelinyofoa kwa mkono likiwa bado laini. Likiachwa linaumeza mti, mwisho unavuna malimau.

Mpapai umekufa, maji yalituama shinani. Mwingine nitaupanda juu ya tuta.

Mwembe dodo umechipua majani ya rangi ya shaba, yananing'inia kama vitambaa vilivyoloa. Maji moto, wale sisimizi wekundu, wameyashona majani ya juu wakajenga kiota. Mama mkwe anataka niwachome; nimemwomba tuwaache, maana wanawinda wadudu wanaofyonza machipukizi, ingawa wanauma kwelikweli.

Nina swali jingine: mchungwa mmoja, bado mfupi, umeshatoa maua. Naona niyatoe ili ujenge matawi kwanza. Mnasemaje?