Nilifuta picha kwenye simu, zikatoweka kila mahali: je, zinaweza kurudi?

Nuru_ya_Asubuhi

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu, na naomba mnivumilie nikieleza kwa urefu, kwa kuwa nadhani nilikosea katika jambo dogo ambalo sikulielewa tangu mwanzo.

Simu yangu ina nafasi ya gigabaiti 64, na kwa wiki kadhaa ilikuwa ikinionya kwamba hifadhi imejaa. Ilifika mahali ikakataa kupiga picha mpya, na baadhi ya programu zikawa zinajifunga zenyewe. Nilikuwa nimejiunga na huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni tangu nilipoanza kuitumia simu hiyo, na kila picha niliyoifungua ilikuwa na alama ndogo ya wingu yenye tiki, ambayo niliielewa kuwa picha imekwisha kupakiwa na iko salama huko. Basi nikajiambia: ikiwa picha zipo mtandaoni, za nini tena kwenye simu? Jioni moja nikakaa nikazichagua kwa kidole, mwezi baada ya mwezi, mpaka zikafika picha na video 2,140, kisha nikabonyeza alama ya pipa la taka. Simu iliniuliza kama nina hakika, nami nikajibu kwamba ninayo. Nafasi iliongezeka, ingawa si kwa kiasi nilichotarajia.

Siku tatu baadaye mwanangu alichukua kishikwambi kuangalia picha, akaja kuniuliza, "Mama, picha za babu umezipeleka wapi?" Nilipofungua huduma ile kwenye kompyuta nilikuta miaka mitatu mizima haipo: picha za juma lililopita zinafuatwa moja kwa moja na za miaka minne iliyopita, kana kwamba hapo katikati hatukuishi. Miongoni mwa zilizopotea kuna video ya dakika sita ya marehemu baba yangu akiwafundisha wajukuu wake kufunga kamba za viatu. Hiyo ndiyo ninayoitaka kuliko zote.

Leo ni siku ya 26 tangu nilipofuta. Nilichelewa kuuliza kwa sababu nilidhani ni hitilafu ya mtandao ambayo ingejirekebisha. Je, kuna njia ya kuzirudisha? Na kwa nini huduma iliyopewa kazi ya kuhifadhi ifute kitu nilichokifuta kwenye simu tu? Pia nimeona tangazo la programu inayodai kurudisha kila kilichofutwa, nayo inaomba ruhusa ya kufikia mafaili yote. Niipakue?


Fundi_Kiganjani

Dada Nuru, pole sana. Programu hiyo usiipakue, nitaeleza sababu. Kwanza fungua huduma yako sasa hivi, ikiwezekana kwa kompyuta, utafute sehemu inayoitwa "Tupio" au "Zilizofutwa hivi majuzi". Huduma kubwa za picha haziangamizi kitu papo hapo, bali hukiweka kando kwa muda maalumu. Katika iCloud, huduma ya Apple kwa wenye iPhone, muda huo ni siku 30. Katika Google Photos ni siku 60 kwa picha zilizokuwa zimepakiwa, na siku 30 kwa zile ambazo hazikuwahi kupakiwa. Hukutaja huduma unayoitumia, na si lazima uitaje, lakini hesabu kwa muda ulio mfupi zaidi, maana yake ni kwamba huenda una siku nne tu. Ukifika huko, usiguse kitufe cha kuondoa vyote, hata kikikuahidi kukupa nafasi.

Kuhusu programu za kurudisha vilivyofutwa, zilikuwa na maana zamani, wakati simu ziliweka picha kwenye kadi ya kumbukumbu bila kufungwa kwa siri. Kadi ya namna hiyo ukiifuta, kinachoondoka ni orodha tu, na picha zenyewe hubaki mpaka ziandikiwe juu. Simu za leo ni jambo jingine. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, kila simu mpya inayokidhi masharti ya mfumo huo inatakiwa kufunga data yake kwa usimbaji, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo wake wa siri, na iPhone zimekuwa zikifanya hivyo kwa miaka mingi zaidi; faili likishafutwa kabisa pamoja na ufunguo wake, kilichobaki ni vipande visivyosomeka. Programu inayoahidi kuvisoma mara nyingi hukuonyesha picha ndogondogo zilizobaki kwenye kumbukumbu ya muda, kisha inakudai malipo. Wewe, kwa upande wako, utakuwa umeikabidhi simu yako yote.


Nuru_ya_Asubuhi

Ndugu Fundi, Mungu akubariki. Zipo! Nimezikuta kwenye kompyuta, na kila moja imeandikiwa idadi ya siku zilizobaki: "siku 4", kama ulivyosema. Nimeanza kuzirudisha mafungu kwa mafungu. Hata hivyo jumla yake ni 2,103, si 2,140, na video ya baba haimo.


Fundi_Kiganjani

Sasa rudi kwenye simu yenyewe, ufungue Tupio la huko, na kama simu ina programu mbili za picha, ufungue Tupio la kila moja. Kuna sentensi moja katika maelezo yako ya mwanzo iliyonifanya nisimame: ulisema nafasi haikuongezeka kwa kiasi ulichotarajia. Kitu ambacho hakikuwahi kupakiwa hakiwezi kuonekana kwenye Tupio la mtandaoni, kwa kuwa huko hakijawahi kufika. Kikifutwa hukaa kwenye Tupio la simu tu, na kinaendelea kula nafasi mpaka muda wake uishe. Video ya dakika sita ni nzito, na programu nyingi zimepangwa zisubiri Wi-Fi kabla ya kupakia video. Vilevile akaunti za bure zina kikomo: iCloud hutoa gigabaiti 5, na Google hutoa gigabaiti 15 ambazo barua pepe, mafaili na picha huzigawana. Kikomo kikifikiwa, upakiaji husimama na picha za zamani hubaki na tiki zao, kwa hiyo mtu akifungua tano au kumi huamini kwamba zote zimefika. Angalia haraka, kwa sababu hizo za kwenye simu kwa kawaida hupewa siku 30 na hazina nakala popote.


Mkutubi

Wakati dada Nuru anaendelea kutafuta, naomba nijibu swali lake la pili, kwa kuwa limewaumiza watu wengi nami nimelieleza mara nyingi kazini.

Tunatumia neno moja, "hifadhi", kwa kazi mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza ni kusawazisha, ambapo huduma huwa na daftari moja la picha zako, na simu, kishikwambi na kompyuta ni madirisha yanayotazama daftari hilohilo. Ukiongeza picha kupitia dirisha moja, inaonekana kwenye mengine yote. Ukifuta kupitia dirisha moja, imefutwa daftarini. Kwa mtambo, "futa" ni badiliko halali kama "ongeza", na wajibu wake ni kulifikisha kila mahali upesi. Kazi ya pili ni kuweka nakala rudufu, yaani kuchukua hali ya leo na kuiweka mahali ambapo amri za kesho hazifiki. Huduma nyingi za picha zinafanya ya kwanza na kutangazwa kwa lugha ya pili. Hapo ndipo ninapowalaumu waandishi wa vitufe kuliko mtumiaji. Kitufe cha kufuta kingeweza kusema waziwazi: "Picha hizi zitaondoka kwenye vifaa vyako vyote." Baadhi husema hivyo, lakini kwa herufi ndogo, wakati kidole kimekwisha kuzoea kukubali.

Njia sahihi ya kupunguza mzigo wa simu ipo, na ni tofauti na pipa la taka. Katika Google Photos kuna amri ya kupata nafasi, ambayo huondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kupakiwa na kuziacha mtandaoni. Katika iPhone kuna mpangilio wa kuboresha hifadhi, ambao hubakiza kwenye simu toleo dogo la kila picha na kuacha toleo kamili kwenye wingu. Dada Nuru alihitaji mojawapo ya hizo, na mkono ukaenda kwenye alama iliyo karibu zaidi na yenye sura inayojulikana.

Nitaongeza moja linalohusiana. Picha zilizotumwa kwenye makundi ya WhatsApp watu huziona kama akiba, na kwa kweli zimewaokoa wengi, lakini programu hiyo hupunguza ubora wa picha na kuondoa taarifa za tarehe na mahali zilizofichwa ndani ya faili. Ukitaka ndugu akutunzie picha halisi, itume kama waraka.


Mzee_wa_Darubini

Mimi nasema tuyaache haya mawingu. Nilihamisha picha zangu zote kwenye diski ya nje miaka saba iliyopita na sijui bughudha ya nenosiri wala ya kikomo. Kitu chako kiwe mikononi mwako. Leo kampuni inatoa nafasi ya bure, kesho inabadili masharti: Google Photos ilitoa hifadhi isiyo na kikomo kwa picha zilizopunguzwa ubora tangu mwaka 2015, ikaisitisha tarehe 1 Juni 2021. Mwaka 2023 Google ikatangaza pia kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Mtu akiugua muda mrefu au akifariki, nani atakumbuka kuifungua?


Mkutubi

Mzee wangu, hoja ya akaunti kufungwa naikubali kwa moyo wote, na wenye akaunti za Google wanaweza kuteua mtu atakayepokea data yao wakinyamaza muda mrefu, kama vile Apple ilivyoruhusu kuteua mrithi wa akaunti kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021. Watu wachache mno huitumia nafasi hiyo.

Lakini kuhusu diski yako naomba nikuulize kwa heshima: ni moja? Na umeifungua lini mara ya mwisho? Mimi nililetewa diski iliyokuwa imetunzwa vizuri ndani ya kitambaa, kwenye sanduku, ambayo ilipochomekwa ilitoa mlio wa kugongagonga na haikusomeka tena. Aliyeileta alikuwa na uhakika kama ulio nao. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, na moja kati yake ikae mahali pengine. Wingu linafaa kabisa kuwa hiyo ya mahali pengine. Simu iliyotumbukia majini haikuulizi kama diski yako iko karibu.


Mzee_wa_Darubini

Ni moja. Nimeichomeka baada ya kusoma ujumbe wako, na inasomeka, lakini imechukua dakika kadhaa kufunguka, jambo ambalo sikulizoea. Nitanunua ya pili.


Nuru_ya_Asubuhi

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Ndugu Fundi, nilizikuta 37 zile kwenye Tupio la programu ya pili ya picha iliyokuja na simu, ambayo sikuwahi hata kuifungua. Zote ni video ndefu, na zote zina alama ya wingu iliyokatwa kwa mstari, alama ambayo nimeiona mara mia bila kuisoma. Ya baba imo. Niliirudisha yenyewe kwanza, nikazima data, nikaichomeka simu kwenye kompyuta kwa waya nikainakili kabla sijagusa kitu kingine chochote. Kisha nikaicheza yote hadi mwisho, kwa sababu niliogopa kwamba ningepata jina la faili tu bila kilichomo. Katika dakika ya nne anafungua kamba alizozifunga mjukuu na kumwambia, "Rudia, hatuna haraka." Sauti ipo.

Ndugu Mkutubi, nimeomba nipakue kila kitu kutoka kwenye akaunti, na nimeambiwa kwamba mafungu yataandaliwa na kiungo kitatumwa kwa barua pepe. Je, kuna la kujihadhari nalo?


Mkutubi

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Yapo mawili. Kiungo cha kupakulia hakidumu. Cha Google, kwa mfano, hufa baada ya siku kama saba, hivyo usikiache kingojee mwisho wa mwezi. Pili, baadhi ya huduma huweka tarehe ya kupigwa kwa picha kwenye faili dogo pembeni, na ukifungua picha kwenye kompyuta unaweza kuona tarehe ya leo badala ya tarehe halisi. Usiyafute mafaili hayo madogo kwa kudhani ni takataka. Ukimaliza, fungua picha chache za kila mwaka, hasa video ndefu, kabla hujaamini kwamba kazi imekwisha.


Nuru_ya_Asubuhi

Nimemaliza jana usiku. Fungu moja lilikatika katikati nikalipakua upya. Diski ya kwanza ninayo mimi, imechomolewa na haiunganishwi na chochote isipokuwa siku ya kunakili. Ya pili nimempa mdogo wangu, nasi tumekubaliana kuzifungua pamoja kila baada ya miezi sita. Huduma ya mtandaoni nimebaki nayo. Nimemteua yeye pia kuwa mpokeaji wa akaunti yangu, na alipopata ujumbe wa taarifa alinipigia simu kuniuliza kama ninaumwa.